Kijiti cha kumi na mbili: kisa cha Nissan Leaf na joto la Phoenix

Kiangazi cha 2012, wenye magari ya umeme ya Nissan Leaf jijini Phoenix, jimbo la Arizona, walianza kuulizana vijiti vimebaki vingapi. Kwenye dashibodi ya Leaf, kando ya geji ya chaji, kuna safu ya vijiti 12 vyembamba. Havihusiani na chaji ya leo. Hiyo ina vijiti vyake vinene. Vile vyembamba vinaeleza betri yenyewe ina uwezo gani wa kubeba umeme ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Chaji ikiisha unachomeka, unalala, asubuhi imejaa. Kijiti chembamba kikizimika hakuna cha kuchomeka.

Magari hayo yalikuwa na mwaka mmoja na ushei barabarani. Mengi hayakuwa yamefikisha maili 20,000, sawa na kilomita 32,000 hivi. Kwa mtu aliyezoea kununua gari la yadi lenye miaka saba na kilomita laki moja, hilo ni gari ambalo hata plastiki za viti hazijatolewa. Lakini kijiti cha kwanza kilikuwa kimezimika, na kabla kiangazi hakijaisha baadhi yao walikuwa wameshapoteza cha pili na cha tatu.

Hesabu ya vijiti hivyo ina ujanja wake. Kwa kuwa ni 12, mtu atadhani kila kimoja ni kama asilimia 8. Sivyo. Kijiti cha kwanza kilipangwa kizimike betri ikishapoteza asilimia 15 nzima. Vinavyofuata ni asilimia 6.25 kila kimoja. Kwa hiyo betri inaweza kupungua kwa asilimia 10, 12, hata 14, na dashibodi ikaendelea kukuonyesha vijiti vyote 12. Aliyebaki na tisa ameshapoteza zaidi ya robo ya betri yake.

Robo hiyo inauma vipi? Leaf ya 2011 ilinadiwa kama gari la maili 100 kwa chaji moja. EPA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, likaipa maili 73, yaani kilomita 117. Toa robo, unabaki na kilomita 88 hivi. Sasa washa kiyoyozi, maana nje ni nyuzi 43 na usukani wa gari lililoegeshwa juani haushikiki. Ingia barabara kuu ambako kila mtu anapita kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Anayekaa kitongojini kilomita 35 kutoka kazini, ambaye mwaka uliopita alikwenda na kurudi bila kuwaza, sasa anarudi jioni kiyoyozi kimezimwa, vioo vimeshushwa, shati limelowa mgongoni, na macho hayabanduki kwenye geji.

Watu hawa hawakuwa wateja waliorubuniwa na dalali. Leaf ilianza kuuzwa Marekani na Japani Desemba 2010, na Arizona ilikuwa miongoni mwa majimbo machache yaliyoipata mwanzo, pamoja na California, Oregon, Washington na Tennessee. Serikali ilikuwa ikitoa fedha za kusimika chaja katika majimbo hayo. Walionunua mwanzo walikuwa wapenzi wa gari la umeme kuliko hata waliolitengeneza: walifuatilia habari zake kwa miaka, waliweka oda kabla ya kulijaribu, na walipolipata walilitetea mbele ya majirani. Nadhani ndiyo maana kisa hiki kilifika mbali. Mtu asiyejali gari lake angeliuza akanyamaza.

Betri isiyo na kipozeo

Betri ya Leaf ya mwanzo ilikuwa ya kilowati-saa 24. Ndani yake mna seli 192 bapa, zimepangwa nne nne katika moduli 48, zikafungiwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu ya gari. Uzito wake unakaribia kilo 300. Zilitengenezwa na AESC, kampuni ambayo Nissan iliianzisha pamoja na NEC. Ni lithiamu, na upande wa chanya una manganizi kwa wingi.

Ndani ya sanduku hilo hamna bomba la maji wala feni ya kupoza. Joto linatakiwa litoke lenyewe kupitia kuta za chuma. Chevrolet Volt, iliyoingia sokoni Marekani mwezi huohuo wa Desemba 2010, ilikuwa na betri inayozungushiwa kimiminika cha kupoza, kama rejeta inavyofanya kwa injini. Wahandisi wa Nissan hawakuwa wajinga. Seli bapa hutoa joto vizuri kuliko za duara, na bila pampu na mabomba gari linakuwa jepesi, rahisi kutengeneza, na lina vitu vichache vya kuharibika. Kwa Yokohama au London hoja hiyo inasimama.

Kwa Phoenix haisimami. Joto haliondoki kwenye betri kama nje hakuna ubaridi wa kulipokea. Mwezi Julai wastani wa joto la mchana pale unapita nyuzi 40, na usiku mwingi haushuki chini ya 28 au 30. Lami inaendelea kutoa moto hadi saa nne usiku. Chuma na seli za kilo 300 zikishalowana joto mchana kutwa zinahitaji saa nyingi za hewa baridi kupoa, na saa hizo hazipo. Kabla hazijapoa jua limechomoza tena. Betri inakaa kwenye joto hilo majuma kadhaa mfululizo, gari likitembea au lisipotembea.

Hilo la mwisho ndilo watu wengi hulipitia juujuu. Tumezoea kufikiri kwamba betri inachakazwa na matumizi, kama tairi. Ndani ya betri ya lithiamu kuna vitu viwili vinavyokwenda pamoja: uchakavu wa kuchaji na kutumia, na uchakavu wa kukaa tu. Kila saa inayopita, lithiamu kidogo inanaswa kwenye utando unaojijenga juu ya grafaiti upande wa hasi, haitoki tena kufanya kazi. Manganizi nayo inamomonyoka upande wa pili. Mambo haya hayasubiri uwashe gari. Samaki aliyeachwa juani haozi kwa sababu ameguswa. Joto linayaharakisha: kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi inakaribia kuwa maradufu. Na betri iliyojazwa hadi asilimia 100 kisha ikaachwa imejaa kwenye joto ndiyo inayoumia zaidi. Nissan walilijua hili, kwa sababu Leaf za mwanzo zilikuwa na chaguo la kuchaji hadi asilimia 80 tu. Baadaye, kwa gari za 2014 zilizouzwa Marekani, chaguo hilo liliondolewa kwa sababu ya kuchekesha kidogo: EPA ilikuwa ikichukua wastani wa asilimia 80 na 100 kupata maili za kutangaza, hivyo kitufe cha kulinda betri kikawa kinaipunguzia gari sifa kwenye karatasi.

Ushahidi kwamba tatizo ni mahali na siyo mwendo ulikuja kutoka pande mbili. Mmiliki mmoja wa jimbo la Washington, kaskazini kwenye mvua na ukungu, aliendesha Leaf yake ya 2011 hadi maili 100,000 mwishoni mwa 2013, na betri ilikuwa ileile ya kiwandani. Wakati huohuo kuna Leaf za Phoenix zilizolemaa zikiwa na chini ya robo ya mwendo huo. Upande wa pili, maabara ya taifa ya Idaho iliweka Leaf nne za 2012 kwenye barabara za Phoenix. Mbili zilichajiwa kwa chaja ya kawaida ya nyumbani, mbili kwa chaja ya haraka, siku zote. Kila gari lilikwenda maili 50,000. Watu walitegemea za chaji ya haraka zife mapema. Zote nne zilipoteza takriban robo ya uwezo, na zile za chaji ya haraka zilizidi kwa pointi chache tu za asilimia. Chaja ya haraka ilikuwa imebeba lawama ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya jua.

Geji ya nani?

Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa la tahadhari. Julai 2012 Nissan ilichukua Leaf saba za wateja wa Arizona ikazipeleka kwenye uwanja wake wa majaribio jangwani karibu na Casa Grande. Septemba, Carla Bailo, aliyekuwa mkuu wa utafiti na maendeleo wa Nissan upande wa Amerika, aliwaandikia wamiliki barua ya wazi. Kiini chake: magari hayo hayana kasoro, idadi ya walioathirika ni ndogo, Leaf ya kawaida ya Phoenix, inayokwenda maili 7,500 kwa mwaka, inatarajiwa kubaki na asilimia 76 ya betri baada ya miaka mitano, wakati duniani kote matarajio ni asilimia 80.

Asilimia 76 baada ya miaka mitano, kwa mtu ambaye amefika hapo baada ya mwaka na nusu! Hasira iliyofuata haihitaji maelezo. Kisheria, hata hivyo, kampuni ilikuwa imejikinga. Waranti ya betri ilikuwa ya miaka 8 au maili 100,000, ila kwa kasoro tu. Kupungua kwa uwezo pole pole hakukuwemo, na wateja walikuwa wametia saini fomu inayosema wanaelewa kwamba betri itapungua. Fomu haikusema itapungua kwa kasi gani kwenye nyuzi 45.

Wamiliki hawakuishia kulalamika. Mmoja wao, mhandisi, alikuwa ameshaunda kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kinachosoma namba ambayo kompyuta ya gari inaijua lakini dashibodi haikuonyeshi. Kizio kimoja cha namba hiyo ni takriban wati-saa 80 za umeme uliomo, na wenzake wakakiita "gid", kutokana na jina la mhandisi huyo. Betri mpya iliyojaa ilisoma 281. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye programu ya simu, LeafSpy, ambayo hadi leo ndiyo fundi wa kwanza wa kila mwenye Leaf.

Kisha Septemba hiyohiyo wakakusanya Leaf 12 usiku mmoja huko Tempe, pembeni mwa Phoenix, wakazijaza, wakaziendesha njia moja kwa mwendo mmoja hadi kila gari lijipunguzie nguvu lenyewe kwa kuishiwa. Utaratibu ulikuwa wa kitaalamu kuliko majaribio mengi ya magazeti. Matokeo hayakumpa mtu yeyote ushindi kamili. Ndiyo, mwendo ulikuwa umepungua kweli, na tofauti kati ya gari na gari ilikuwa kubwa. Lakini pia ilionekana kwamba vijiti haviaminiki: kuna gari lililopungukiwa vijiti likaenda mbali kuliko vijiti vyake vilivyodai. Nissan nayo ilikuwa ikisema geji inazidisha hasara. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli wake, na binafsi naona hilo ni kosa kubwa la pili katika kisa hiki baada ya lile la kukosa kipozeo. Ukishamuuzia mtu gari ambalo thamani yake yote iko ndani ya sanduku asiloweza kulifungua, halafu kipimo pekee ulichompa hakiaminiki, mtabishana naye milele.

Vijiti tisa

Septemba 2012 hiyohiyo kesi ilifunguliwa California kwa niaba ya wamiliki wa Leaf za 2011 na 2012. Desemba, Nissan ikatangaza jambo ambalo miezi mitatu nyuma halikuwa mezani: waranti ya uwezo wa betri. Ndani ya miaka 5 au maili 60,000, betri ikishuka chini ya vijiti tisa, kampuni itairudisha angalau hadi vijiti tisa. Waranti hiyo ilirudi nyuma hadi gari la kwanza kabisa lililouzwa Marekani.

Suluhu ya kesi ilijengwa juu ya ahadi hiyo, na hapo akajitokeza mpingaji asiyetarajiwa. Alex Kozinski, wakati huo jaji mkuu wa mahakama ya rufaa ya Ninth Circuit, alikuwa mwenye Leaf. Mwaka 2013 aliwasilisha pingamizi kama raia na mwenye gari, akisema suluhu ile haiwapi wamiliki kitu cha maana. Kesi ikaendelea kusukumwa, masharti yakaboreshwa, na betri ya kubadilishiwa ikawa mpya kabisa badala ya iliyokarabatiwa. Idhini ya mwisho ilitolewa 2015.

Waranti ilikuwa ushindi, lakini angalia ilivyofanya kazi. "Chini ya tisa" maana yake lazima ufike nane. Mwenye vijiti tisa siku ya mwisho ya mwaka wa tano hapati chochote. Kwa hiyo wenye magari waliojitahidi kuegesha kivulini na kuchaji hadi 80 walijikuta wakiombea kijiti kizimike kabla ya tarehe. Mtu wa Phoenix alibadilishiwa betri bure mwaka wa nne; mtu wa sehemu yenye joto la wastani, aliyelitunza gari lake, akafikia vijiti nane miezi michache baada ya waranti kwisha na akabaki na gari la kilomita 70 na ushei.

Kwa huyo wa pili, Juni 2014 Nissan ilitangaza bei ya betri mpya: dola 5,499, ukirudisha ile ya zamani. Betri hiyo ilikuwa na kemia mpya inayovumilia joto, ileile ya Leaf za 2015, na wenye magari wakaipa jina la mjusi. Mjusi alifanya kazi nzuri. Malalamiko ya Phoenix yalipungua sana kwa magari hayo. Kipozeo cha kimiminika, hata hivyo, kilisubiri. Leaf ya kizazi cha pili ya mwishoni mwa 2017 ilikuja na betri ya kilowati-saa 40 na bado ilitegemea kuta za sanduku. Leaf iliyopata kupozwa kwa kimiminika ni ya kizazi cha tatu, iliyozinduliwa 2025.

Kwa anayeagiza kutoka Japani

Leaf za mkono wa kulia zinazotoka Japani ndizo gari za umeme za mtumba zinazopatikana kirahisi, na Nairobi imezizoea. NopeaRide, kampuni ya teksi iliyoanza hapo 2018, ilitumia Leaf hadi ilipofunga 2022. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile za 2011 hazitaingia. Zinazoingia ni za kemia mpya. Lakini mnunuzi bado anauliza swali la gari la petroli: limetembea kilomita ngapi? Swali la maana zaidi ni limeishi wapi. Leaf iliyotumika Hokkaido kwenye theluji, hata yenye kilomita 80,000, naipendelea kuliko ya Okinawa, kusini kwenye joto, yenye 30,000.

Matangazo ya Japani mara nyingi huandika idadi ya vijiti, na wanunuzi wanakimbilia 12. Kumbuka hesabu ya juu: 12 ni kitu chochote kati ya betri mpya na betri iliyopoteza asilimia 14. Kuna mchezo mchafu zaidi. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu zake kwa mashine ya fundi, vijiti vikarudi 12 kwenye betri iliyochakaa. Vitakaa hivyo kwa muda, kisha kompyuta inajifunza upya na vinaanza kuzimika kimoja kimoja, wakati gari limeshavuka bahari na muuzaji hapokei simu. Na siyo kwamba geji hudanganya kumfaidi muuzaji tu. Mwaka 2018 wamiliki wa New Zealand waliokuwa wakikusanya takwimu za magari yao waligundua Leaf za kilowati-saa 30 zinaonyesha kuchakaa haraka kuliko zile za 24. Nissan ilipochunguza ikasema kompyuta ilikuwa inasoma vibaya, ikatoa programu ya kurekebisha. Betri zilikuwa nzima. Namba ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Kuhusu joto letu, watu hujifariji kwamba Dar es Salaam au Mombasa si Phoenix. Kwa kilele, kweli. Sisi hatufiki nyuzi 43. Lakini wastani wa mwaka mzima wa Phoenix ni nyuzi 24 hivi, kwa sababu majira yao ya baridi ni baridi kweli, na wa Dar es Salaam ni kama 26. Kule betri inachomwa vikali miezi minne na kupumzika. Huku inachomwa kwa moto mdogo miezi 12. Kwa kuwa uchakavu hupanda kwa kasi kadiri joto linavyopanda, moto mkali wa miezi minne ni mbaya zaidi, ila moto wetu mdogo si bure. Nairobi, juu kwenye mita 1,700, ndiyo iliyobahatika.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu limewapotezea watu fedha. Leaf ikikataa kuwaka kabisa, dashibodi giza, usikimbilie kudhani betri kubwa imekufa. Ndani ya boneti kuna betri ndogo ya volti 12, ya risasi, kama ya gari lolote. Ndiyo inayoamsha kompyuta, na kompyuta ndiyo inayounganisha betri kubwa. Ndogo ikifa, kubwa inaweza kuwa imejaa na gari lisitikisike.

Kwa ununuzi wenyewe, beba simu yenye LeafSpy na kidude chake cha bluutuu. Angalia asilimia ya afya ya betri, kisha linganisha volti za seli gari likiwa na chaji kidogo, maana hapo ndipo seli dhaifu inapoachana na wenzake. Ikiwa ni moja tu, moduli yake inaweza kubadilishwa bila kununua sanduku zima. Kama kompyuta imefutwa hivi karibuni asilimia itakudanganya, kwa hiyo jaza chaji, endesha kilomita 50 za barabara halisi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, uone kilichobaki. Ndivyo walivyofanya wale wa Tempe, na muuzaji mwenye gari zima hana sababu ya kukunyima saa moja.